Chujio la masizi sikulitoboa, na gari langu la dizeli linadunda

Walioniambia nilitoe lile chujio la masizi la kwenye bomba la moshi nikalitupe, wote nakutana nao bado, na wote nawajibu hivi: gari linatembea, chujio liko palepale chini lilipozaliwa, na ni miezi 11 sasa taa yake ya onyo haijawaka.

Nakaa Sinza, nafanya kazi Mikocheni. Zamani dizeli hapa Dar ilikuwa ya malori, Coaster na Land Cruiser za maofisa. Siku hizi ukiingia yadi za magari unakuta gari dogo la familia kutoka Japani, dizeli, na linang'aa kama la petroli. Nikanunua moja, injini ya lita 2.2. Gari langu la zamani lilinipa kilomita 9 kwa lita, hili likanipa 14, na mlimani linavuta huku mguu umegusa tu. Kila EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ilipotangaza bei mpya za mafuta mimi nilikuwa mtulivu.

Mwezi wa nne ikawaka taa ya njano, ile yenye picha ya kisanduku chenye vitone.

Mjomba wangu ameendesha malori ya Tunduma miaka mingi. Akaniambia, "Mwanangu, dizeli haitaki papara. Asubuhi iwashe, iache ingurume dakika ishirini ipate moto." Nikatii wiki mbili nzima, na kumbe ndivyo nilivyozidi kuliumiza. Mjomba hakunidanganya, lori alilolijua yeye halikuwa na chujio. Dizeli haina plagi ya cheche, mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na injini ikinguruma bila mzigo mafuta yanaungua kibaridi na masizi yanakuwa mengi. Haya magari mapya yana chujio la udongo mgumu kama sega la nyuki, linadaka yale masizi, kisha linayachoma lenyewe likifika joto la kama nyuzi 600. Sasa kutoka Sinza hadi Mikocheni, kwenye foleni, nyuzi 600 zitoke wapi?

Gereji ya kwanza, kijana alilala chini ya gari dakika tatu akaibuka na jibu. "Dada, hapa tunapiga nyundo, tunatoa huo udongo wa ndani, tunarudishia ganda. Kompyuta tunaidanganya. Utasahau." Alitaka laki tano na ushee. Nilikasirika kweli. Asubuhi pale kituoni wanasimama watoto wa shule, midomo yao iko usawa wa bomba la moshi. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alitikisa chupa ya plastiki yenye masizi mbele ya waandishi wa habari, na kuanzia Oktoba 2003 malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango yakapigwa marufuku kule. Dizeli ilirudi kwenye magari madogo ya Wajapani baada ya kusafishwa kwa vitu kama hilo chujio. Sisi tulipokee gari bandarini, halafu tulitoboe?

Gereji ya pili ilikubali kuliosha. Hapo ndipo nilipopoteza hela na siku nne. Walilifungua, wakalisimamisha kwenye matofali, wakaingiza maji ya presha na sabuni. Maji meusi kama wino wa pweza yakatiririka hadi mtaroni, na mimi nikashangilia. Likaanikwa juani siku mbili, likafungwa, taa ikazimwa kwa mashine. Baada ya siku tisa ikawaka tena. Kosa lao niliambiwa baadaye. Maji yaliingizwa upande ule ule moshi unakoingilia, kwa hiyo uchafu ulisukumwa ndani zaidi. Yanatakiwa yaingie upande wa kutokea, uchafu urudi ulikotoka. Kabla hujalipa, uliza maji yataingia wapi.

Aliyenikomboa ni fundi mmoja mtu mzima, wa magari madogo ya dizeli tu. Hakugusa chujio kwanza. Alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akanipa mkononi. "Nusa, mama." Kilinuka dizeli, na oili ilikuwa imepanda juu ya alama kwa upana wa kidole. Nilidhani oili hupungua tu! Akanieleza kwamba gari likijaribu kuchoma masizi, kompyuta inamwaga mafuta ya ziada, na ukizima gari katikati ya kazi hiyo, kila siku, kila siku, mafuta yanachuruzika hadi kwenye oili. Ikapanda sana, injini inakufa. Toka siku ile nachungulia kijiti kila Jumamosi.

Halafu akashika mipira miwili myembamba inayotoka kwenye chujio kwenda kwenye sensa ya presha, ile inayoiambia kompyuta chujio limeziba kiasi gani. Mmoja akaupuliza, hewa ikapita. Wa pili haukupita kitu. Akapitisha waya, kikatoka kipande cha masizi kigumu, urefu wa njiti ya kiberiti, kikaanguka kwenye gazeti. Kompyuta ilikuwa inasoma uongo muda wote ule! Akaliosha chujio upya, safari hii kwa upande sahihi, akaweka oili ya dizeli yenye majivu machache (sio ile ya malori, majivu hayaungui, yanabaki humo kwenye chujio). Yote pamoja laki tatu na kidogo, hata robo ya bei ya chujio jipya haikufika.

Akaniambia nilipeleke barabara ndefu. Lakini tochi za trafiki je, na vibao vya 50 kila penye makazi? Hapa ndipo najisifu, maana hili nililigundua mwenyewe. Chujio halihitaji mwendo, linahitaji moto. Jumapili saa kumi na moja alfajiri nikatoka na barabara ya Morogoro. Penye 50 nilihamishia gia upande wa kuchagua kwa mkono, nikaishikilia ya tatu, mshale wa mizunguko ya injini ukakaa kwenye elfu mbili na mia mbili bila kuvunja sheria yoyote. Barabara ikifunguka, 80 kwa gia ya nne. Mlandizi nikaona ulaji wa mafuta umepanda ghafla, na kwa nyuma harufu kama pasi iliyoachwa juu ya nguo. Lilikuwa linachoma! Nilipita mizani ya Vigwaza bila kusimama, malori yamepanga foleni, mimi naomba tu nisikutane na kizuizi. Dakika kama ishirini, ulaji ukashuka, injini ikawa laini kama siku niliyolinunua gari. Chalinze nikanywa chai kwa chapati mbili, nikageuza.

Sasa kila baada ya wiki mbili naenda kwa shangazi Mlandizi. Na jioni nikifika nyumbani nikasikia feni inavuma na ngurumo iko juu kuliko kawaida, sizimi, maana linachoma masizi, nazunguka hadi Mwenge na kurudi mpaka limalize. Jumamosi iliyopita nilichomoa kijiti mbele ya mjomba. Oili ilikuwa kwenye alama. Alikinusa mara mbili, kisha akaniomba namba ya yule fundi.