Kucha

Saa saba usiku na bado niko macho, toka Jumamosi usingizi umenigomea. Dogo mnamjua, mtoto wa dada, yule niliyewaandikia alipoteguka kidole akarudi mazoezini na bandeji yake. Sasa ndo yeye aliyepigiwa filimbi ya mwisho kwenye mechi yetu ya kikapu.

Tulikuwa mbele 58-49, zimebaki dakika tatu! Upande wetu watu washaanza kuimba. Vijana wa Ujiji wakaanza kutubana uwanja mzima, anayepandisha mpira wetu anajipeleka mwenyewe konani, anaporwa, mara nyingine tunashindwa hata kuvuka nusu ndani ya sekunde nane, halafu faulo zetu za timu zilishapita nne kwa hiyo ukimgusa mtu tu anaenda mstarini kurusha mbili. Ghafla 59-58. Wakapora tena, kale kafupi kao kakafyatua kutoka nyuma ya mstari wa tatu, Dogo akaruka nako, filimbi. Refa ngumi juu, halafu vidole vitatu, yaani mitupo mitatu ya bure. Wa kwanza kakakosa, miwili ikaingia. 60-59, kwisha.

Nilimfuata refa mpaka kwenye pikipiki yake. Akasema "mkono umepita kwenye kiwiko, kaka," akavaa helmeti akaondoka. Nilimchukia mtu yule jamani, na bado namuona alikuwa mbali mno kupiga faulo kama ile sekunde ile.

Ila kinachoniweka macho si yeye. Ni pale bombani. Dogo ananawa uso, akaniuliza:

"Mjomba, nilimgusa?"

"Hukumgusa bwana. Refa katuuza."

Akautazama mkono wake, akageuza vidole. "Mi nimesikia kama kucha imepita hivi."

Nikamwambia nyamaza, usije ukamwambia mtu.

Akasema sawa mjomba. Basi. Toka hapo hajaongea habari ya kikapu, na huyu ni mtoto ambaye siku ya nusu fainali ya Olimpiki, Marekani na Serbia, alikesha na mimi, Serbia wanaingia robo ya nne wako mbele pointi 13 wakalala 95-91, na hakulaumu refa hata mmoja, aliniambia tu "mjomba, wale wameishiwa miguu." Ana miaka kumi na tano! Anauona mchezo kuliko mimi, halafu mimi ndo nimemfunga mdomo.

Na kuna lingine nalikumbuka sasa hivi. Saa ya mezani ilikuwa simu ya yule dada anayeandika pointi. Dakika mbili za mwisho kikapu kikiingia saa inatakiwa isimame, na ile simu haikusimama hata mara moja, niliiona kwa macho yangu, sikusema kitu. Tulikuwa mbele, nikasema moyoni acha zikimbie. Ningepiga kelele kama tungekuwa nyuma? Ningepiga, tena ningeingia mpaka katikati ya uwanja.

Kesho asubuhi kabla hajaenda shule nitamwambia alikuwa sahihi kusema. Sijui nianzeje, nikianza na refa nitaharibu.

Mengine ya wiki, bi mkubwa karudi salama kutoka Kasulu na Ziwa Tanganyika limefunguliwa Alhamisi ile tarehe 15, miezi mitatu ya kuzuiwa kuvua imeisha, mwaloni Kibirizi watu wamejaa. Shemeji anasubiri mwezi upungue, usiku uwe giza, ndo aingie kuvua na taa. Jana nilipita kuuona mtumbwi wake, miezi yote hiyo umekaa mchangani juani, mbao zimeachana, kalafati ya kuzibia nyufa imekauka inatoka vipande ukiigusa na kidole, upande wa chini unapitisha kiganja cha mtoto. Nikamuuliza utaziba lini, akasema ukikaa majini siku mbili mbao zitavimba zenyewe. Wanapanda watu sita mle.