Mihadhara ya bure ya vyuo vya sanaa, nilivyoifikia nikiwa hapahapa Bagamoyo

Niseme mapema tu, mi sijasoma chuo chochote cha sanaa. Natengeneza batiki, nilifundishwa na shangazi yangu uani kwake, na Kiingereza changu ni kile cha fom foo, mtu akiongea polepole namwelewa, akikimbia namwacha aende. Nayasema haya kwa sababu watu wakisikia nafuatilia mihadhara ya vyuo vikuu vya sanaa na ubunifu vya huko nje wanajua tu nimepata skolashipu au kuna mtu ananilipia. Hamna. Ni bure kabisa, wenyewe wanataka watu waje wasikilize, sema huku kwetu wengi hatujaambiwa.

Utaratibu wao uko hivi. Vyuo vingi vya aina hiyo, kama Royal College of Art ya London ambayo ipo tangu 1837, au OCAD ya Toronto kule Kanada iliyoanza 1876 (hii jengo lake moja limewekwa juu hewani kwenye nguzo za rangirangi kama penseli, litafuteni picha mcheke), muhula ukianza wanaalika wasanii, wabunifu wa vitambaa, wasanifu majengo, watu wa fanicha, mtu anasimama anaonyesha slaidi za kazi zake alivyozifanya, inafika hata saa nzima, halafu watu wanauliza maswali. Mihadhara mingi imefunguliwa kwa yeyote, hata ungekuwa unapita tu na mfuko wako wa sokoni. Mingine inarushwa laivu, mingine inarekodiwa inawekwa YouTube inakaa hapo miaka. Na mwaka wa masomo ukiisha wanafunzi wanaomaliza wanatoa kazi zao nje, wanaeleza walichofanya, na mi kwa upande wangu hao wanafunzi ndo wamenifaa kuliko majina makubwa, nitaeleza.

Tuanze na kujiandikisha maana hapo ndo wengi wanakimbia. Unafungua fomu unakutana na maneno ya tiketi, oda, malipo, moyo unapiga paa. Shuka mpaka chini kabisa, bei ni sifuri. Ukiona wanataka namba za kadi ya benki basi toka, hiyo siyo yenyewe. Watakuuliza unatoka taasisi gani, mi naandika mtengeneza batiki, Bagamoyo, na haijawahi kukataa. Kama kuna tiketi mbili, ya ukumbini na ya onlaini, chukua ya onlaini usije ukamzibia mtu kiti cha London wakati wewe uko Magomeni. Linki inakuja kwa imeili na inapenda sana kujificha kwenye spamu kwa hiyo kaangalie huko. Kuna vyuo vingine vinafungia mihadhara yao kwa wanafunzi wao tu, ukikuta hivo songa mbele, mingine ipo kibao.

Saa sasa. Wao wanaandika 18:30 na ni ya kwao, siyo ya kwetu. Uingereza wanasogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na wanairudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo wakati wa baridi yao tunawatangulia masaa 3, wakati wa joto masaa 2. Maana yake muhadhara wa 18:30 wa London mwezi wa kumi na mbili unaupata saa 3:30 usiku, mwezi wa tano saa 2:30 usiku. Hapo watu wameshakula, vyombo vimeoshwa, unakaa. Toronto ndo balaa, 18:30 yao kwetu ni saa 8:30 usiku wakati wa baridi na saa 7:30 wakati wa joto, hizo mi nazisubiri rekodi nalala zangu.

Bando. Hapa kila mtu ana mbinu zake, yangu ni hii, za YouTube nazidaunlodi usiku kwa bando la usiku maana mchana hailipi, afu nazichukua kwenye ubora wa chini, sura ya mtu inakuwa ukungu lakini sauti iko palepale na mi sura yake hainihusu. Ikija slaidi ambayo nataka kuiona vizuri naandika dakika yake kwenye daftari, halafu nafungua hiyo sehemu tu kwa ubora wa juu naipiga skrinishoti. Na washa maandishi ya chini, hata yakikosea majina yanasaidia, unasoma huku unasikia, kitu kinaingia.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nisiache. Kulikuwa na wasilisho la wanafunzi wa vitambaa, chuo kimoja cha London, kila mmoja anapewa dakika chache tu. Akaja binti mmoja ana muhuri wa ua, mmoja tu. Kwanza akaonyesha kitambaa alichopiga ua chini ya ua, ua kando ya ua, mistari imenyooka, yaani kama mi ninavyofanya miaka yote. Halafu akaonyesha kingine, safu ya pili ya kwenda chini ameishusha nusu ya urefu wa ua, ya tatu ameirudisha juu, ya nne ameishusha tena. Ua lilelile na rangi ileile ila kitambaa kimekuwa kingine kabisa, jicho halishiki mistari tena, linakwenda kimshazari linazunguka, hata hujui muhuri ulianzia wapi. Wenyewe wanaita hafu-dropu na inaonekana kwao ni jambo la mwaka wa kwanza, hakulielezea hata dakika 2, akapita zake akaendelea kuongelea mambo ya bibi yake. Mi nikamwacha na bibi yake nikarudisha nyuma nikaangalia tena na tena.

Kesho yake nikachukua muhuri wangu wa jani la mwembe, ule alionichongea fundi wa milango, una urefu wa sentimita 16. Nikapiga alama za chaki kila sentimita 8 pembeni mwa kitambaa, pande zote mbili, nikavuta uzi kutoka alama hadi alama nipate mistari. Nikayeyusha nta. Kwa wasiojua, nta lazima iwe ya moto kisawasawa, ikianza kupoa inakaa juu ya kitambaa haizami na ukitia rangi inapenya chini yake unapata madoa, kwa hiyo kazi ni ya haraka, chovya, kung'uta, piga, chovya. Shida ikawa ukingoni. Ukishusha safu nusu basi jani la mwanzo linatoka nje ya kitambaa nusu, na nta inamwagika mezani, mara ya pili ukiweka kitambaa kinanata. Nikatandika magazeti ya zamani ukingoni mwa meza, jani linapigwa nusu kwenye kitambaa nusu kwenye gazeti, gazeti linatupwa. Basi. Nikatia bluu, nikaanika, nikatoa nta kwa maji ya moto. Shangazi alipokikuta kwenye kamba akasimama akakishika ncha akaniuliza, "Mwanangu, umechonga muhuri mpya?" Nikamwambia shangazi ni uleule wa mwembe. Hakuniamini mpaka nilipouleta.

Tangu hapo nikawa nasikiliza kwa namna nyingine, simsikilizi mtu ili nijue habari zake, namsikiliza nikiwa na kitambaa changu kichwani, hiki kinanisumbua wapi, je huyu ameshakutana nacho. Ndo maana hata za fanicha na za majengo nazisikiliza. Francis Kéré yule msanifu majengo wa Burkina Faso, aliyepata tuzo ya Pritzker 2022, ile kubwa ya wasanifu majengo, Mwafrika wa kwanza kuipata, mihadhara yake vyuoni ipo mtandaoni, ukimsikia anavyoeleza shule ya kijijini kwao Gando, matofali ya udongo wa palepale, na bati limeinuliwa juu likaachana na dari ili hewa ya moto itoke, unaanza kuangalia banda lako la kutilia rangi kwa jicho lingine. La kwangu mimi bati limekaa kichwani kabisa na moto wa nta uko chini, jasho lake sisemi.

Ila nisiwadanganye, mingine nimezima. Mtu anashukuru watu dakika 10, halafu anasoma karatasi mwanzo mwisho haonyeshi kitu hata kimoja, maneno mazitomazito, na ukumbi mzima unatikisa kichwa, hapana. Siku hizi naruka moja kwa moja kwenye maswali mwishoni. Hapo ndo mtoa mada anaongea kama mtu, anaulizwa ulikosea wapi, hela ulitoa wapi, nani alinunua. Kama maswali ni mazuri ndo narudi mwanzo.

Na wenzangu wa kikundi nikaona siwezi kuwaacha. Sisi ni akina mama wa batiki tunachangia manunuzi ya majora ya kitambaa Kariakoo, wengi hawana simu za kuangalia video saa nzima. Nikaenda kwa mwenye kibanda umiza, nikamwambia kaka asubuhi hamna mpira, tupe televisheni yako tutakulipia umeme. Akakubali ila akawa anacheka. Simu yangu haikukubali ule waya wa kuunganisha na TV, tukaazima ya binti wa mwenzetu, tukakaa kwenye yale mabenchi yaliyoandikwa majina ya timu, mi nikawa natafsiri juu kwa juu kama wale madijei wa muvi za Kikorea, na kama dijei nikawa naongeza na chumvi kidogo.

Nilianza nao na Lubaina Himid, msanii. Huyu mama kazaliwa Zanzibar 1954, kachukuliwa Uingereza akiwa mtoto mchanga, akasoma huko, Royal College of Art alipita pia, na 2017 akachukua tuzo ya Turner, ile kubwa ya sanaa ya Uingereza, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Mazungumzo yake yapo kadhaa. Na kwenye kazi zake ameingiza khanga, pindo na mji na maneno yake, zinatundikwa ukutani kwenye majumba ya sanaa makubwa. Bibi mmoja wa kikundi aliponisikia nataja Unguja akanikatisha, "Subiri kwanza mwanangu, huyu ni wa kwetu?" Nikamwambia ndio bibi, wa Unguja. Akasema basi rudisha nyuma. Ile miaka 63 iliwagusa zaidi ya tuzo yenyewe nadhani, wakawa wanaitana 63 wiki nzima.

Kuuliza swali laivu nako kunawezekana. Liandike mapema, fupi, liwe na kitu cha kushika, ulibandike kwenye chati mapema kabla hawajafika kwenye maswali maana wakishafika yanajazana. La kwangu lilikuwa la nyekundu, kwa nini nyekundu yangu inachuja kwenye nguo ya mteja hata nikipima dawa vizuri. Mtoa mada akalisoma, akasema Bagamoyo kwa matamshi yake, akajibu kuwa kinachochuja mara nyingi ni rangi ambayo haijashika uzi ila imebaki humo ndani, kwa hiyo usiharakishe, iache hewani rangi ikomae kwanza, halafu suuza kwa maji baridi mpaka yatoke meupe ndo uingize kwenye ya moto. Mi nilikuwa natoka kwenye rangi naenda moja kwa moja kwenye maji ya moto kwa sababu nilifundishwa hivo. Nimebadilisha, na nyekundu imetulia. Maji yanatumika mengi lakini, hilo hakulisema, na bili ya maji naijua mimi.

Na kwa walio karibu, jamani hapa Bagamoyo tuna chuo chetu cha sanaa, TaSUBa, kipo tangu 1981, zamani tukikiita Chuo cha Sanaa tu, 2007 kikawa wakala wa serikali. Wanafunzi wa pale nao wana siku zao za kuonyesha kazi, ulizeni getini, ngoma na maigizo watu wanajaa ila upande wa uchoraji na uchongaji mara nyingi mnakuta mko wachache mnaongea na mwenye kazi uso kwa uso na kwa Kiswahili, bando hamna. Mkienda Dar, Nafasi Art Space pale Mikocheni nao wana mazungumzo ya wasanii, nao wapo tangu 2008.

Anayetaka kuanza, ratiba za vyuo vya huko zinatoka Septemba na Oktoba wakifungua, mwezi wa sita na wa saba ndo maonyesho ya wanaomaliza kule London, Agosti kumelala. Anzeni na za London kwa sababu ya saa, na mkiona ya vitambaa niambieni maana siwezi kuzifuatilia zote mwenyewe.