Land Rover 109 yangu: nilivyoipata Urambo na ninavyoishi nayo Tabora

Nilipokwenda kulitazama gari hili mara ya kwanza nilibeba tochi, nyundo ndogo na gunia kuukuu la kulalia. Pesa niliiacha nyumbani makusudi. Miezi minne kabla ya hapo nusura ninunue Land Rover nyingine, ya kijani, inang'aa kiasi cha kujitazama uso mlangoni, na nilikuwa nimeshajijua: nikiwa na pesa mfukoni, moyo unayatangulia macho.

Baba yangu alikuwa dereva wa serikali hapa Tabora miaka ya 1970 na 1980. Gari lake lilikuwa Land Rover 109, namba inayotaja inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Usiku tukiwa tumelala tulijua baba anarudi kwa mlio wa gia, kabla taa hazijaimulika miembe ya barabarani. Mlio ule sijausikia kwenye gari lingine lolote.

Lakini sikununua kwa ajili ya kumbukumbu tu. Nafuga nyuki, na mizinga yangu iko porini, kusini ya Sikonge. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina kilo 28 hivi. Ndoo 25 ni kilo 700. Miaka yote nilikuwa nakodi kirikuu, na kwenye lami hakina shida, ila ukiiacha lami na mbuga ikiwa imelowa, kirikuu kinakaa chini kama kuku anayeatamia. Nilitaka gari la kubeba karibu tani moja, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na ambalo fundi yeyote wa hapa anaweza kulifungua kwa spana za kawaida.

Ile ya kijani ilitoka pwani. Muuzaji alisema imefufuliwa yote, na kwa macho ungekubali: viti vipya, tairi mpya, chini imepakwa lami nyeusi inayovutia. Fundi niliyekwenda naye hakusema neno. Alijilaza, akagonga chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, kwa nyundo kuanzia mbele kwenda nyuma, taratibu, kama daktari anayegonga kifua. Chuma kizima kinalia na nyundo inaruka. Alipofika karibu na springi ya nyuma, nyundo ilinyamaza. Akakwangua ile lami, akasukuma bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Ndani palikuwa na puti na vipande vya bati.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa jambo ambalo kila anayetamani magari haya inampasa alijue kabla ya yote. Bodi ya Land Rover ni alumini. Gari lilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgao, na alumini ndiyo iliyopatikana. Kwa hiyo bodi haiozi kama ya magari mengine. Chesisi ndiyo chuma, tena ni boksi: mabamba yamechomelewa, katikati pana uwazi. Maji na tope vinaingia, vinakaa humo, na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Ukiiona kutu kwa nje, ndani kumeshakwisha siku nyingi. Na gari lililoishi karibu na chumvi ya bahari linaliwa upesi kuliko la huku kwetu. Unaweza kuwa na bodi nzuri ya miaka 40 imekalia chesisi iliyooza, na rangi isikwambie kitu.

Habari za gari la Urambo nilizipata kwa dereva wa Fuso. Mwenye gari alikuwa fundi mstaafu, mzee wa makamo ya baba yangu, na gereji yake ilikuwa chini ya mwembe, nyuma ya nyumba. Pikapu ilikuwa imesimama pale, rangi ya krimu, bila mbwembwe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniletea kigoda. Kabla sijauliza lolote akaingia ndani akatoka na kaunta buku limefungwa kwa mpira wa tairi.

Humo alikuwa ameandika miaka mitatu ya kazi. Kila ukurasa una tarehe, kilichofunguliwa, kilichokutwa, kilichobadilishwa na bei yake. Boriti ya nyuma ya chesisi imeoza, imekatwa, imetengenezwa mpya kwa bamba la milimita 3. Ukuta kati ya injini na miguu ya dereva umetoboka pembeni, umechomelewa. Pale alumini inapogusana na chuma kulikuwa na unga mweupe, kwa sababu metali hizo mbili zikikaa pamoja na maji, alumini inaliwa. Ameusugua, ameweka vipande vya mpira katikati. Nilisoma nimesimama. Kisha nikafika kwenye ukurasa mmoja, mwandiko ule ule wa wino wa bluu: "Leo nimefunga silinda hedi. Nimekosea, nimeanza kukaza nati za pembeni. Nimefungua zote, nimerudia kuanzia katikati kwenda nje. Gasketi imeharibika, nimenunua nyingine."

Hapakuwa na mtu mwingine siku ile aliyoyaandika hayo. Hedi ndiyo kifuniko cha juu cha injini; angeweza kukaza nati zilizobaki akanyamaza, na mimi nisingejua mpaka maji yaingie kwenye oili. Kwangu ukurasa ule ulikuwa na thamani kuliko rangi, kuliko tairi, kuliko maneno yote ya muuzaji wa pwani. Hata hivyo nilitandika gunia langu, nikagonga chesisi yote. Mzee hakukasirika. Alichutama upande wa pili akinimulikia, akisema, "Gonga na hapo mwanangu, hapo ndipo watu husahau."

Yapo mengine niliyoyaangalia. Niligusa boneti kabla hajawasha: ilikuwa ya baridi, ndivyo ninavyotaka, maana injini iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha mengi. Iliwaka kwa choki, moshi kidogo mweupe wa asubuhi, kisha safi. Namba ya chesisi iliyogongwa upande wa kulia, mbele, karibu na springi, nililinganisha na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Gari ni la 1981, lile toleo la tatu lililotengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985, na mzee alifurahi nilipomuuliza mwaka. Kuanzia 1980 kiwanda kiliipa injini hii ya petroli, ya sentimita za ujazo 2,286, krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, yenye beringi kuu tano badala ya tatu. Wengi wameitoa wakapachika ya dizeli ya gari jingine. Yeye aliirudisha ile ile.

Tukaijaribu kwenye njia ya vumbi nje ya mji, ile nchi ambayo Waingereza walijaribu kilimo kikubwa cha karanga mwishoni mwa miaka ya 1940 wakashindwa. Karibu na gia pana virungu viwili: cha njano unakisukuma chini, magurudumu ya mbele yanashika. Chekundu unakivuta nyuma gari likiwa limesimama, unapata gia nzito za kupandia. Vyote viliitika bila kelele.

Alitaka milioni 19. Tulikubaliana 16 na nusu, pamoja na sharti lake: nikitembea kilomita 1,000 nilirudishe akaze hedi upya na kupima nafasi za valvu. Ni sharti la mtu anayeijua kazi yake.

Makaratasi hayakunipa taabu kubwa, ila usiyadharau. Mkataba wa mauziano tuliuandika mbele ya wakili, TIN zetu zote mbili, kisha TRA kubadilisha jina. Kadi ilisema gari ni la bluu, nikabadilisha na hilo, kwa sababu trafiki barabarani anasoma kadi, hasikilizi historia. Bima nilipata ndogo tu; nilikouliza bima kubwa hawakutaka gari la umri huo. Ada ya leseni ya mwaka haipo tena tangu 2017, tunailipia kwenye bei ya mafuta, na kwangu ni nafuu maana kuna wiki gari halitoki kabisa.

Siku nilipolifikisha nyumbani baba alikuwa amekaa kibarazani. Macho yake sasa yamepungua nuru. Nilipokuwa bado nakata kona aliinuka, akashika fimbo. Hakuuliza ni gari la nani. Alipapasa boneti, akateremsha mkono mpaka kwenye ubavu, akabonyeza alumini kwa kidole gumba kuona inavyobonyea. Nikamsaidia kupanda upande wa dereva, injini imezimwa. Akashika usukani, akakanyaga klachi, akatoa gia, akaachia, akakanyaga tena, akaingiza. Nikamwambia, "Baba, hii ina sinkro gia zote za mbele, haihitaji klachi mara mbili." Sinkro ni kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ziingie bila kugongana; ile yake ya zamani gia ya kwanza na ya pili hazikuwa nayo. Akajibu, "Mguu hauna habari hiyo." Akaendelea kubadilisha gia pale pale, kwa muda mrefu, na mimi nikasimama tu mlangoni.

Kuishi nayo kunahitaji uamuzi. Petroli inakunywa: lita moja inanipeleka kilomita 5, kwenye lami nzuri 6. Mwendo wake ni 70, ukiilazimisha 80, na ukifika huko huwezi kuzungumza na abiria bila kupaza sauti. Stelingi ni ya nguvu za mikono. Breki ni za ngoma magurudumu yote, na mara ya kwanza nilipovuka maji ya magoti nilikanyaga upande wa pili, gari likaendelea kwenda kama sijafanya kitu. Sasa nikitoka majini nakanyaga kidogo kidogo huku naenda, joto linazikausha. Mtu anayetaka gari la kwenda sokoni na kurudi, nitamwambia kwa moyo mweupe anunue kirikuu.

Ila mavuno ya Juni yaliyopita nilitoka porini na ndoo 24 kwa safari moja. Na siku gari liliponizimikia ndani ya msitu, upande wa Ipole, sikulala huko. Injini ilianza kukohoa ikiwa ya moto, ikazima, ikapoa, ikawaka, ikazima tena. Nilifungua kifuniko cha distribyuta, kinachogawa umeme wa plagi, nikamwambia kijana niliyekuwa naye apige staata, nikaona pointi, zile ncha mbili zinazokata na kuunga umeme, zinarusha cheche kubwa nyeupe zinapoachana. Kondensa, inayomeza cheche hizo, imekufa. Kwenye kaunta buku, ukurasa wa mwisho, mzee aliandika vitu vya kutembea navyo: pointi, kondensa, feni belti, mpira wa rejeta, lita mbili za oili. Vyote vilikuwa kwenye kopo la maziwa chini ya kiti. Dakika 25, pamoja na kupima nafasi ya pointi, tukaondoka. Gari la kisasa lenye kompyuta lingengoja mtu wa mashine kutoka mjini.

Kila Jumamosi jioni napaka grisi kwenye propela shafti na kuangalia oili sehemu zote, sio injini tu: giaboksi, difu mbili, na yale maboli mawili ya mbele, matufe ya chuma ambayo magurudumu yanazungukia wakati wa kukata kona. Hapo ndipo gari langu lina ugonjwa. La kushoto, mng'aro wake umebanduka, uso umekuwa na vishimo, na vishimo vinakata oilsili, ule mpira unaozuia oili isivuje, kila nikiweka mpya. Dawa ni kubadilisha boli lenyewe, na nimeshaagiza Dar es Salaam, litakuja kwa basi. Kwa sasa mzee amenielekeza niweke grisi laini mahali pa oili, haivuji upesi, na kabla mvua za Novemba hazijaanza tutalifungua pamoja.

Kaunta buku alinipa siku ile ile ya mauzo. Kurasa zilizobaki naziandika mimi. Ya mwisho niliiandika juzi usiku: "Boli la kushoto lilikuwa limekauka kabisa. Nilipitisha wiki tatu bila kuangalia. Kosa langu. Nimejaza."