Transista Nne za Maulidi

Amplifaya ya madrasa ililetwa kwangu kwa baiskeli, imefungwa kwa mpira kwenye karia, siku kumi kabla ya Maulidi. Ilikuwa Januari 2014, Morogoro. Vijana waliokuwa wakihamisha vyombo walikanyaga waya wa spika hadi nyaya za ndani zikagusana, na mtu akapandisha sauti. Ustadhi alifika nyuma yao kwa miguu.

"Fundi, usiku ule watu wanatoka hadi Mzumbe. Nitazamie."

Nilipofungua nilikuta transista nne za kutolea sauti, zile zinazosukuma umeme kwenye spika, zimekufa zote, mbili za aina ya 2SC5200 na mbili za 2SA1943. Mita ililia kwenye miguu yote mitatu, dalili ya shoti. Kila fundi wa miziki mikubwa anaijua jozi hii: moja inasukuma nusu ya juu ya wimbi, mwenzake anavuta nusu ya chini. Zilizokuwamo zilikuwa za Toshiba, hazijaguswa tangu kiwandani.

Nilinunua nyingine duka la mjini, shilingi 2,500 kila moja. Zilikuwa mpya, zinang'aa. Nikazipiga mita, zikajibu vizuri. Nikazifunga kwenye hitsinki, lile bati la kupoozea, kwa maika mpya ya kuzuia umeme na pesti nyeupe ya kupitisha joto, nikawasha kupitia taa ya serizi, bulbu ya wati 100 ambayo umeme unapitia kabla ya kufika kwenye mashine. Bulbu ilimulika mara moja ikafifia, dalili kwamba hakuna shoti. Nikaiacha ipige redio kwa sauti ya chini saa nzima, kisha nikaipeleka madrasani jioni ileile.

Ustadhi alishika maikrofoni, akaanza kusoma, kijana mmoja akapandisha sauti. Ikapiga pa! Koni ya spika ya kulia ikavutwa ndani na kubaki hapohapo, inanguruma. Nilikimbilia swichi, lakini kabla sijaifikia moshi ulikuwa umeshaanza kutoka katikati ya koni. Transista ilipokufa iliachia volti 65 za moja kwa moja ziingie kwenye koili ya spika. Rilei ya kulinda spika, swichi inayojikata yenyewe, ilikuwepo, ila fundi aliyenitangulia aliiruka kwa kipande cha waya, nami sikuikagua. Hilo lilikuwa kosa langu. Ustadhi alifungua madirisha, akaniuliza kama nimeungua mkono. Hakuna aliyenifokea, na nilirudi nyumbani nimenyamaza njia nzima.

Usiku ule nilibana moja ya zile mpya kwenye jiliwa, nikaipasua kwa nyundo. Nikapasua na moja ya zamani, nikaziweka chini ya taa. Ya Toshiba ilikuwa na kipande cha silikoni cha mraba, kinakaribia ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, kimelazwa juu ya bati nene la shaba. Ile mpya ilikuwa na kipunje kama mchele uliokatika, na bati lake niliweza kulikunja kwa koleo. Mtu alichukua transista ndogo akaiandika jina la kubwa. Mita haiwezi kulijua hilo, maana inapitisha mkondo wa kama miliampea moja tu, na kwa mkondo huo kipunje na kipande kikubwa vinajibu sawasawa. Kwenye kazi inadaiwa ampea kadhaa huku imebeba makumi ya volti. Joto linakosa pa kwenda, silikoni inayeyuka.

Asubuhi nilienda intaneti kafe nikachapisha karatasi ya mtengenezaji. Volti 230, ampea 15, wati 150, hayo nilikuwa nayajua kwa moyo. Chini ya mchoro wa umbo kulikuwa na mstari ambao sikuwahi kuujali: uzito, gramu 9.75.

Kesho yake nilipanda basi la kwanza kwenda Dar. Kuanzia Ubungo Barabara ya Morogoro ilikuwa imechimbuliwa kwa ujenzi wa njia za mwendokasi, na daladala ilitambaa hadi Kariakoo. Mfukoni nilikuwa na transista moja ya zamani, imekufa lakini haijapasuliwa.

Duka la kwanza waliniambia, "Orijino hizo kaka, hazina shida." Nikaomba niache pesa nikaipime moja, wakakubali. Milango minne mbele kulikuwa na sonara, mzee wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii ndiyo dhahabu gani, mwanangu?"

Nilimweleza. Akafuta kisahani cha mizani kwa kitambaa, taratibu, kama anavyofanya kwa pete ya mtu. Akaweka ile ya zamani: 9.7. Akaiondoa, akaweka ya dukani: 6.4. Kisha akazishika zote mbili, moja kila kiganja, akafumba macho. "Hata mkono unajua," akasema.

Nilirudi kwake na za duka la pili, kisha la tatu. Hakuna iliyofika 8. Kijana wa duka la tatu, aliponiona narudisha bila ugomvi, alinielekeza kwa fundi mmoja mzee kwenye uchochoro wa nyuma.

Mzee yule alikuwa na kopo la maziwa limejaa transista kuukuu, miguu ina risasi ya zamani ya kuchomelea, migongo ina pesti iliyokauka. Alizitoa kwenye mashine zilizoungua transfoma. Akanichagulia nne, shilingi 8,000 kila moja, zaidi ya mara tatu ya zile mpya. Zote zilikuwa na herufi O, yaani za daraja moja la kukuza mkondo. "Kapime kwanza," akasema, "nakungoja." Sonara akasoma 9.7, 9.8, 9.7, 9.7, na akakataa hata hela ya soda. Uzito peke yake si ushahidi kamili, kwa kuwa anayetaka kudanganya anaweza kuongeza shaba. Mimi niliziamini zaidi kwa ile risasi miguuni: zilishawahi kufanya kazi.

Nyumbani nilitoa kile kipande cha waya, nikarudisha rilei kazini. Baada ya kujaribu kwa taa ya serizi nilirekebisha mkondo wa utulivu, ule unaopita wakati hakuna sauti, hadi nikapata milivolti 11 juu ya kila risista ya omu 0.22, yaani miliampea 50. Safari hii sikujaribu kwa redio ya chini. Badala ya spika nilizamisha risista za omu 8 kwenye ndoo ya maji, nikasukuma sauti saa nzima. Maji yakapata moto, transista zikatulia.

Usiku wa Maulidi nilikaa nyuma ya amplifaya, kiganja juu ya hitsinki. Watu waliposimama kwa kiyamu sauti ilipanda, dufu zikaingia, na bati likawa vuguvugu tu. Spika ya kulia ilikuwa ya kuazima. Yao niliisuka koili upya kwa pesa yangu, nikairudisha mwezi Machi.