Tairi la nne

Jamani tangu Alhamisi nikiosha vyombo nasikia "basi Mwalimu andika jina lako", nikilala nasikia, nikipanda daladala nasikia. Na wiki yenyewe ilijaa mambo, wathibiti ubora wamekuja wakaondoka, mwalimu mkuu kapata uhamisho, mama mkwe katolewa nyuzi na anatembea mwenyewe alhamdulillah, lakini mi nimeng'ang'ana na maneno ya mtoto wa darasa la tatu.

Kilikuwa kipindi cha Sanaa na Michezo, la tatu B, watoto 74 kwenye kile chumba cha stoo mnachokijua. Na kilikuwa kinaenda vizuri! Mnakumbuka vita ya ndoo, watoto wakigombania maji? Imeisha. Siri ni brashi zitoke mwisho kabisa. Kwanza karatasi (migongo ya mitihani ya zamani), halafu rangi kwenye trei za mayai, halafu maji kwenye chupa iliyokatwa, moja kila kikundi, na mtu wa maji ni mmoja tu, akiinuka mwingine kikundi kizima kinaweka vitu chini. Njano ni manjano ya jikoni, nyeusi mkaa uliotwangwa, nyekundu udongo wa kichuguu cha uwanjani, vyote nakoroga na uji mwepesi wa muhogo ili vishike. Brashi za dukani ninazo 11, wengine wanatumia vijiti nilivyofunga sponji ya godoro. Zamani kugawa tu kulikula robo saa nzima kwenye dakika 40, sa hivi dakika tano tu watu wanachora.

Siku hiyo nikawapa Tingatinga. Nikawaambia kuhusu Edward Saidi Tingatinga, hajasomea uchoraji popote, mwaka 1968 hapa hapa Dar akaanza kuchora wanyama kwenye hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli, akafariki 1972, yani miaka minne tu, na mpaka leo watu wanachora kwa jina lake. Na nikakazania kwamba kwenye picha alikuwa anaandika E.S. Tingatinga, kwa hiyo na nyie picha yako ni ile uliyoandika jina lako. Mdomo wangu huu.

Kazi ilikuwa chora kitu cha mtaani kwenu ujaze madoa. Yule mtoto wa dirishani, asiyeongeaga, kachora bajaji ya njano, madoa yamepangwa utadhani kapima kwa rula, na matairi manne. Nikamuuliza, "bajaji ina matairi mangapi?" "Matatu." "Sasa hapa?" Kimya. Mi nikachukua brashi mkononi mwake, nikachovya njano, nikalifunika la nne, nikamrudishia. Akaiangalia picha weee, akasema taratibu kwa heshima zote, "Basi Mwalimu andika jina lako."

Nikacheka! Hapo ndo panaponiuma. Nikasema "hapana baba, ni yako" nikahamia kikundi kingine. Kuja kuanika picha kwenye kamba, ya kwake haina jina.

Nimeigeuza hiyo sentensi kila upande. Labda ilikuwa adabu tu, kaona mwalimu kashika brashi basi kazi ni ya mwalimu, si ndivyo nilivyofundisha mwenyewe? Labda kinyongo. Ile "basi" ndo inaniua. Angesema tu Mwalimu andika jina lako ningelala usingizi. Kumweleza mume wangu, Baba Zuu, kasema "mtoto kakujibu, we meza" akaendelea na mpira wake.

Jumamosi sasa, niko Mbagala Rangi Tatu nasubiri gari, bajaji ikanipita, nyuma kafunga tairi la spea na kamba ya mpira. Nikahesabu. Manne! Nikacheka kwa sauti peke yangu kituoni, dereva akadhani namwita, akarudi rivasi, kwa aibu nikapanda, elfu mbili yangu ikaenda kwa safari ambayo ningetembea. Nikamuuliza hiyo spea anatembea nayo kila siku? "Mama, bila spea huku kwetu unalala njiani."

Jumatatu mapumziko nikamwita kijana. "Lile tairi la nne lilikuwa la spea?" "Ndio, bajaji ya baba mdogo." "Mbona hukuniambia?" "Mwalimu uliuliza bajaji ina mangapi."

Sina la kusema. Nikaishusha picha yake, na mjue manjano haizibi mkaa, ilivyokauka tairi likawa limeshajitokeza lenyewe, kama kivuli hivi. Tukaliangalia wote wawili, akaanza kucheka kwa kuficha mdomo na mi nikashindwa kujizuia, tukacheka mpaka kengele. Nikampa mkaa akalikoleza. Jina hajaandika bado na sijamuuliza. Ila sa hivi nikizunguka darasani nina kipande changu cha karatasi mfukoni, nikitaka kumwonyesha mtu kitu nachora humo humo, brashi ya mtoto siigusi.

Halafu kamati ya harusi ya mdogo wangu wa Morogoro imeanza kupiga simu asubuhi asubuhi, ahadi yangu laki na nusu, mwisho tarehe 30, na Baba Zuu hata hajui kama niliahidi.