Kadi 63 na ufunguo mmoja

Nilipotaka kuandika tawasifu, yaani kisa cha maisha yangu mwenyewe, watu wazima na akili zao waliniambia: anza ulipozaliwa, shuka nayo taratibu. Nikashuka nayo. Ukurasa wa 140 ndio kwanza nina miaka 12, na hakuna kilichotokea. Tawasifu ya namna hiyo mwachie rais mstaafu, anayesomwa kwa cheo chake. Sisi wengine msomaji hana deni nasi.

Kilichoniokoa ni kadi. Nilikata karatasi ngumu, kila tukio kadi yake, mstari mmoja tu. Zikafika 63. Nikazigeuza, na nyuma ya kila moja nikajibu: baada ya hapa, ni nini hakikurudi kuwa kama zamani? Kadi iliyokosa jibu, nje, hata kama tukio lenyewe lilinitoa machozi. Mahafali yakatoka. Harusi ikatoka (mwenzangu bado hajui). Zikabaki 19. Nikazitandaza sakafuni, na kati ya kadi na kadi nikajaribu kupachika "kwa hiyo" au "lakini". Palipokubali "halafu" tu, ama kisa kimeruka kitu, ama kadi imekaa pasipo pake. Siku tatu nilitembea chumbani mwangu kwa ncha za vidole, kama mwizi.

Baada ya hapo ni kuandika tu. Ila msitaje hisia kwa jina lake. Niliwahi kuandika: "Nilihuzunika sana baba alipohama." Maji matupu. Nikafuta, nikaweka: "Baba alilifunga sanduku kwa kamba, mizunguko miwili, akaniachia ufunguo wa kabati tupu." Hakuna msomaji aliyeniuliza huzuni iko wapi.

Kosa lililonilia miezi ni kumvika mtoto wa miaka 9 busara za mtu mzima. Siku hizi tukio nalibakiza machoni pa mtoto. Ninachokijua leo kinasubiri aya yake. Mazungumzo nayo, nani anayakumbuka neno kwa neno? Nilinukuu yale machache yaliyoganda kichwani, mengine nikayasimulia. Tarehe nilizilinganisha na barua na migongo ya picha. Mbili nilizokuwa tayari kuziapia hazikuwa kweli.

Majirani niliwabadilisha majina. Dada yangu nilimpa sura zinazomhusu azisome mapema, akazirudisha na masahihisho mawili: sanduku lilifungwa kwa mkanda, si kamba, na ufunguo alipewa yeye. Mkanda nimekubali, maana sanduku analo. Ufunguo bado tunagombea.