Usiku wa Taa Nyekundu Tororo

Katika likizo moja ya mwaka 1990, nilipokuwa na umri wa miaka 12, mjomba wangu aliyekuwa mgeuza njia katika stesheni ya Tororo alikubali, baada ya kusihiwa kwa majuma mawili, nikeshe naye zamu ya usiku. Mama alinifungia mihogo ya kuchemsha na kunivika koti la baba. Mimi nilichukua daftari la kuandikia namba za injini, kwa maana sisi watoto wa nyumba za reli tulishindana kwa namba hizo kama wengine walivyoshindana kwa gololi.

Reli itokayo Mombasa huingia Uganda kupitia Malaba, na ikifika Tororo hugawanyika: tawi moja huelekea Mbale na Soroti, jingine Jinja na Kampala, ambako treni zilifika mwaka 1931. Kwa hiyo nilitarajia msongamano. Kumbe usiku wa stesheni ni kungoja tu. Mvua ilinyesha, ikakatika. Steshenimasta alisinzia karibu na simu. Mjomba alipaka grisi wenzo wa kugeuzia reli, kisha akaupaka tena. (Wote wawili walizungumza Kiswahili, ingawa mmoja alikuwa Mpadhola na mwingine Mteso, reli ilitufundisha lugha hiyo kabla ya shule kuifikiria.)

Yapata saa nane simu ililia. Malaba walikuwa wanaomba njia kwa treni ya mizigo. Nilisimama ukingoni mwa jukwaa, daftari mkononi, na taa ya injini ilipochomoza nikasahau baridi yote. Dizeli ilipita mbele yangu ikitetemesha saruji chini ya miguu, ikifuatwa na matangi ya mafuta, na nilikuwa nimeanza kuandika namba kwa furaha nilipomsikia mjomba akisema kwa sauti ya chini, "Sioni mkia."

Treni ilikuwa imesimama, lakini ilikuwa ndefu kiasi kwamba mwisho wake ulibaki gizani upande wa Malaba, na huko gizani hapakuwa na taa nyekundu. Mjomba alinieleza huku tukitembea, kwa kuwa hakuwa na wakati wa kunirudisha ofisini. Njia ni moja, alisema, na treni mbili haziwezi kuwa kati ya stesheni mbili kwa wakati mmoja. Steshenimasta hujua kwamba njia imebaki tupu pale tu anapoiona taa ya behewa la mwisho. Taa isipoonekana, huenda imezimika, au huenda kiungo kimekatika na mabehewa kadhaa yameachwa njiani. Nyuma, pale Malaba, treni nyingine ilikuwa inasubiri kuruhusiwa.

Tulitembea kando ya matangi, juu ya kokoto zilizolowa, yeye na kandili mbele, mimi nikihesabu kwa sauti kama alivyoniagiza. Harufu ya mafuta ilinikaba, na kila pengo kati ya behewa na behewa lilionekana kwangu kuwa ndilo la mwisho. Nilipofika 27 tuliona cheche ya kiberiti. Gadi, msimamizi wa treni anayekaa behewa la mwisho, alikuwa amechuchumaa nyuma ya behewa lake, akiilaani taa iliyoingia maji ya mvua, na vijiti vya kiberiti vilivyolowa vimetapakaa miguuni pake.

"Umekamilika?" mjomba aliuliza.

"Nimekamilika, ndugu yangu. Nipe moto."

Utambi ulipowashwa kutoka kandili yetu, kioo kikawa chekundu, na mjomba akakitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama injini yoyote. Kisha tukarudi, steshenimasta akapiga simu, na Malaba wakapewa njia.

Treni ya pili ilifika alfajiri, mwamba wa Tororo ukianza kuonekana nyuma ya paa, nayo haikusimama. Nilikaa karibu na wenzo, nikaacha mabehewa yote yapite mpaka nikaiona taa nyekundu ikiwaka, nikamwonyesha mjomba kwa kidole, naye akainua kandili kumjulisha steshenimasta.

"Haya, mpwa wangu," akasema, "injini ilikuwa namba ngapi?"

Nilifungua daftari. Sikuwa nimeandika kitu.